Maana ya utangamano wa wahamiaji, na namna watafiti wanavyoupima

Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika sayansi ya siasa akisema anatafiti utangamano wa wahamiaji, wengi huelewa kwamba anachunguza kama wageni wameijua lugha ya nchi na kuzifuata desturi zake. Lugha imo, lakini ni kipande tu. Utangamano ni kiwango alichofikia mhamiaji katika kuyajua na kuyamudu maisha ya nchi aliyohamia: apate kazi inayolingana na ujuzi wake, ajue pa kwenda akiugua, awe na marafiki miongoni mwa wenyeji, azielewe siasa za hapo na sauti yake isikike.

Kutangamana si kumezwa. Wanasosholojia wa Chicago wa miaka ya 1920, Robert Park akiwa mstari wa mbele, waliamini kwamba wahamiaji mwishowe huyeyuka ndani ya jamii iliyowapokea. Mwaka 1964 Milton Gordon alionyesha kuwa mambo si mepesi hivyo: mtu anaweza kuvaa, kuongea na kuishi kama wenyeji, na bado milango ya vilabu vyao, taasisi zao na ndoa zao ikabaki imefungwa. Baadaye mwanasaikolojia John Berry alilitumia jina la utangamano kwa yule anayeshika utamaduni wake na papo hapo kushiriki katika jamii mpya. Aliyeacha cha kwao ili apokewe, Berry alimweka kundi jingine kabisa. Tofauti hii ni ya kushikwa vizuri, maana zipo serikali zinazotaja utangamano huku zikidai mtu amezwe.

Mwanasosholojia hutazama zaidi ndoa, mitaa na shule. Mwanasayansi ya siasa huanzia kwenye sheria na mamlaka: nani kapewa kura, nani anaamua, na uamuzi huo unazaa nini. Ujerumani Magharibi ilitiliana saini mkataba na Uturuki mwaka 1961 ili ipate wafanyakazi, kwa matarajio kwamba wangekaa muda mfupi na kurudi kwao. Uajiri huo ulisimamishwa mwaka 1973, lakini wengi walikwisha kujenga maisha na wakaziita familia zao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe walipewa tangu siku ya kwanza. Kauli katika mambo ya nchi hawakupewa. Watoto wao waliozaliwa hapo waliendelea kuhesabiwa raia wa kigeni, hadi sheria mpya ya uraia ilipoanza kutumika mwaka 2000 na kuanza kulegeza masharti. Sweden ilikuwa imeshika njia nyingine: tangu mwaka 1976 wageni waliokaa miaka 3 waliruhusiwa kupiga kura katika chaguzi za serikali za mitaa bila kuwa raia.

Kupima jambo pana kiasi hiki kunahitaji utaratibu. Mwaka 2018 watafiti wa Immigration Policy Lab, kituo cha vyuo vikuu vya Stanford na ETH Zurich, walitoa dodoso lenye nyanja 6: saikolojia, uchumi, siasa, jamii, lugha, na uwezo wa kujua njia za kupata huduma. Maswali yake ni ya maisha ya kila siku. Je, unajiona mtu wa nje? Umekula chakula cha jioni na wenyeji mara ngapi? Ni vigumu kiasi gani kwako kumwona daktari? Ninaipenda nyanja hiyo ya mwisho kuliko zote, kwa sababu inagusa kitu ambacho mwenyeji hakioni kabisa: kujua ofisi ipi inashughulikia nini.

Ugumu unakuja pale mtafiti anapotaka kujua chanzo. Tuseme waliopata uraia wa tajnisi, yaani uraia wa kuomba, wanashiriki siasa kuliko wasioupata. Je, ni uraia uliowavuta, au waliokuwa mbele tangu mwanzo ndio walioomba na kukubaliwa? Ukilinganisha makundi hayo mawili hivi hivi, jibu hulipati.

Uswisi ilitoa mwanya wa kulijibu. Baadhi ya manispaa zake zilikuwa zikiamua maombi ya uraia kwa kura ya siri ya wakazi. Kabla ya kura, wapiga kura walitumiwa kijitabu chenye maelezo mafupi ya kila mwombaji: umri, elimu, kazi, nchi alikotoka. Mtu ameishi hapo miaka mingi, na majirani zake wanaamua hatima yake kwa aya moja. Inauma hata kusoma habari hizo. Mahakama Kuu ya Shirikisho ilikataa utaratibu huo mwaka 2003. Wanasayansi ya siasa Jens Hainmueller na Dominik Hangartner, pamoja na wenzao, waliwafuatilia waliopita kwa kura chache na waliokosa kwa kura chache. Hao wanafanana karibu kwa kila kitu. Kilichowatenganisha ni bahati. Miaka mingi baadaye, waliopita walikuwa wakipiga kura na kuzielewa siasa kuliko waliokosa, na manufaa yalikuwa makubwa zaidi kwa wahamiaji waliotengwa zaidi. Kwa hiyo uraia si taji la kumvika aliyekwisha kutangamana. Wenyewe unamsukuma mtu atangamane.

Watafiti wa kundi hilohilo walionyesha mwaka 2016, tena kwa takwimu za Uswisi, kwamba kila mwaka wa ziada mwomba hifadhi anaokaa akisubiri uamuzi hupunguza kiwango cha ajira baadaye kwa pointi 4 hadi 5 za asilimia. Hapo kinachopimwa ni mwendo wa ofisi ya serikali. Mwanasosholojia wa Uholanzi Willem Schinkel amelalamika kwamba dhana ya utangamano humchunguza mgeni peke yake: mwenyeji asiye na kazi wala marafiki haambiwi hajatangamana. Nadhani lawama hiyo ni ya haki, na dawa yake ni kupima pande zote mbili kwa ukali uleule.

Kazi ya namna hii inadai maandalizi mazito. Mwanafunzi huja na shahada ya kwanza, mara nyingi ya siasa, uchumi, sheria au lugha. Kisha hupitia nadharia, siasa linganishi na takwimu nyingi, hufanya mitihani ya kupima umahiri, hutetea pendekezo la utafiti, na hupata kibali cha maadili kabla ya kumhoji yeyote. Kibali hicho si karatasi tu. Jina la mhamiaji asiye na vibali vya ukaazi likivuja, mtu anaweza kufukuzwa nchini.

Halafu kuna utafiti uwandani. Mwanasayansi ya siasa Claire Adida, katika utafiti alioutoa kama kitabu mwaka 2014, aliwafuata Wayoruba na Wahausa kutoka Nigeria walioishi Accra (Ghana), Cotonou (Benin) na Niamey (Niger). Ungetarajia kwamba wageni wanaofanana na wenyeji kwa utamaduni ndio wanaopokewa vizuri. Alikuta kinyume chake: ufanano ulizidisha kutengwa. Viongozi wa jumuiya za wahamiaji waliogopa kupoteza watu wao, wafanyabiashara wenyeji waliogopa ushindani, na kila upande ukawa na sababu ya kuulinda mpaka kati ya wageni na wenyeji. Sensa peke yake isingelionyesha jambo hilo. Ilibidi watu wahojiwe.