Maana ya kunyamazia: vita vya Tigray vikitazamwa kutoka Nairobi

Wanaoandika kuhusu siasa za kimataifa hutumia neno moja, ukimya, kwa mambo ambayo Kiswahili huyatenganisha vizuri. Kimya ni hali tu: nyumba inaweza kuwa kimya kwa sababu wenyewe wamelala au wamesafiri. Kunyamaza ni tendo la mtu mwenye sauti ambaye ameamua kutoitumia. Kunyamazia, katika ile kauli ya kutendea tuliyofunzwa darasani, huongeza jambo la tatu: lipo tukio, limeonekana, na aliyeliona amechagua kutoligusa kwa neno lolote. Ukikigeuza kitenzi hicho kiwe kunyamaziwa, ndipo anapojitokeza yule aliyeumia.

Mfano ulio karibu nasi ni vita vya Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, kati ya serikali ya nchi hiyo na vikosi vya Tigray, vilivyoanza tarehe 4 Novemba 2020 na kusitishwa kwa mkataba uliotiwa saini Pretoria tarehe 2 Novemba 2022. Simu na intaneti zilikatwa tangu mwanzo, na baadaye huduma za benki zikasimama. Mjini Axum, wanajeshi wa Eritrea, waliopigana upande wa serikali ya Ethiopia, waliua mamia ya raia tarehe 28 na 29 Novemba 2020, lakini ripoti ya Amnesty International kuhusu mauaji hayo ilitoka mwishoni mwa Februari 2021. Watu wa Axum hawakunyamaza katika miezi hiyo mitatu. Walinyamazishwa, na kunyamazishwa ni silaha ya anayepigana. Dhana ninayoieleza inaanzia pale habari zilipokwisha kutufikia sisi tulio nje.

Kenya ilikuwa mwanachama wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 2021 na 2022. Baraza hilo lilifanya vikao vya faragha kuhusu Tigray, lakini kikao cha kwanza cha wazi kilifanyika tarehe 2 Julai 2021, karibu miezi minane baada ya vita kuanza. Hoja iliyorudiwa mara nyingi ni kwamba hayo ni mambo ya ndani ya nchi na kwamba Waafrika waachiwe wayatatue wenyewe. Hata hivyo, Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika, katika ibara ya 4(h), inaupa Umoja huo haki ya kuingilia kati panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Makao makuu ya Umoja huo yako Addis Ababa, na si rahisi mgeni kumkaripia mwenyeji wake akiwa sebuleni mwake.

Wengine husingizia umbali. Ukipima kwenye ramani, Mekelle, mji mkuu wa Tigray, iko karibu na Nairobi kuliko Lusaka. Februari 2022 balozi wetu katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alitoa hotuba kuhusu Ukraine iliyosikika dunia nzima, na sifa alizopata alizistahili; lakini katika wiki zilizofuata wanafunzi wangu waliweza kunionyesha Mariupol kwenye ramani, huku Mekelle wakiitafuta kwa kupapasa.

Ukimya wa wanazuoni una sababu zake, na si zote za aibu. Mtafiti anayeitegemea serikali kwa kibali cha utafiti anajua kwamba makala moja inaweza kumfungia mlango kwa miaka mingi. Wenzake walioko ndani ya nchi wanaweza kuadhibiwa kwa maneno yake. Zaidi ya hayo, taaluma yenyewe humfundisha kusubiri ushahidi, na ushahidi hauji mahali ambapo barabara zimefungwa. Ugumu ni kwamba sababu hizi njema huweza kugeuka maficho. Katikati ya mwaka 2021, katika kikao cha idara moja hapa Nairobi, mwenzetu mmoja alipendekeza tuandae mhadhara wa wazi kuhusu Tigray. Mwenyekiti, muungwana kabisa, akasema tusubiri hali itulie ndipo tupate data ya kuaminika. Kumbukumbu za kikao zina maneno mawili juu ya jambo hilo, chini ya shughuli nyinginezo, baada ya projekta iliyoharibika: "Hoja iliahirishwa." Nilikuwepo, wala sikunyoosha mkono.

Kutofautisha tahadhari na kunyamazia kunawezekana. Mwenye tahadhari husema anachokijua na kutaja mipaka ya anachokijua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walifanya hivyo: walikusanya majina ya waliouawa na kutoa makadirio ya vifo wakati vita vikiendelea, huku wakieleza kwamba makadirio yao yana pengo kubwa kati ya kiwango cha chini na cha juu. Olusegun Obasanjo, mpatanishi wa Umoja wa Afrika, alisema mwanzoni mwa 2023 kwamba waliokufa huenda walifika 600,000. Anayenyamazia naye huishika tofauti ya makadirio kama kisingizio, ilhali tofauti yenyewe imetokana na kutohesabu. Wala kunyamaziwa hakukuwa kwa upande mmoja tu: raia wa Amhara na Afar, majimbo jirani, waliouawa vikosi vya Tigray vilipoingia kwao mwaka 2021 walitajwa kwa uchache zaidi, na mara nyingi walitajwa ili kuwafuta wale wengine.

Namna nyingine ya kunyamazia haiachi hata kumbukumbu za kikao. Desemba 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliunda tume ya wataalamu kuhusu Ethiopia kwa kura 21 dhidi ya 15, nchi 11 zikijizuia kupiga kura, na kila kura ina jina la nchi iliyoipiga. Septemba 2023 tume ikaonya kwamba ukatili ulikuwa ungali unaendelea. Oktoba mwaka huo muda wake ukaisha bila nchi yoyote kuwasilisha azimio la kuuongeza, kwa hiyo hakukupigwa kura, na hakuna orodha ya waliokataa.