Pushapu 70 Hazipimi Nguvu

Nimeletewa tena kijana wa kufanyiwa vipimo kabla ya usajili, beki wa pembeni, akiwa na karatasi ya kocha wake iliyoandikwa: "Ana nguvu sana, anapiga pushapu 70." Karatasi haikuwa na kingine chochote kuhusu mwili wake, hata uzito. Kwa kuwa karatasi za namna hii huja kila dirisha la usajili, na nimechoka kutoa maelezo yale yale kwa simu, nayaandika hapa ili makocha wayasome wenyewe.

Nguvu ya misuli ni kani kubwa kabisa ambayo misuli inaweza kuitoa katika jitihada moja. Anayepiga pushapu 70 huishia hapo kwa sababu misuli imechoka, wala si kwa sababu mzigo umemshinda, maana mzigo huo huo ameshausukuma mara 69. Kilichopimwa ni ustahimilivu, ambao una thamani yake, lakini ni kitu kingine. Kwenye riadha Waafrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa tofauti hii: hakuna aliyewahi kudai kwamba sekunde 9.77 alizokimbia Ferdinand Omanyala katika mita 100 pale Kasarani mwaka 2021 zingebashiriwa kwa kumkimbiza marathoni. Tukifika kwenye kifua na mikono, sijui kwa nini, akili hiyo tunaiacha mlangoni.

Halafu kuna mzigo wenyewe. Katika pushapu ya kawaida mikono hubeba takriban theluthi mbili ya uzito wa mwili, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anasukuma kama kilo 40 na mtu wa kilo 90 anasukuma kama kilo 60. Kuwalinganisha wawili hao kwa idadi tu ni kuwapa mitihani miwili tofauti na kuisahihisha kwa majibu ya mmoja. Namna zinavyohesabiwa nisiigusie sana, maana nyingi ninazoziona kiuno kimelegea na kifua kinaishia shubiri nzima juu ya sakafu.

Kinachoniudhi kuliko yote ni jibu ninalopewa baada ya maelezo hayo: "Basi tumia fomula, ubadilishe." Fomula zipo za kukadiria uzito wa juu kabisa ambao mtu anaweza kuunyanyua mara moja, kutokana na marudio, yaani idadi ya mara alizonyanyua uzito mdogo zaidi, na mbili zinazotumika sana ni ya Epley, inayozidisha uzito kwa moja jumlisha marudio gawanya kwa 30, na ya Brzycki, inayozidisha uzito kwa 36 kisha kugawanya kwa 37 toa marudio. Tuchukue mtu anayepiga benchi, yaani kulala chali na kusukuma chuma kutoka kifuani, kwa chuma cha kilo 60. Akifikisha marudio 10, zote mbili zinasema uwezo wake wa juu kabisa kwa rudio moja ni kilo 80 kamili, na aliyejaribia hapo tu ataamini kwamba amegundua sheria ya maumbile. Kwa marudio 5 zinatofautiana kidogo: 70 na 67.5. Kwa marudio 20, Epley anasema 100 na Brzycki anasema 127. Kwa marudio 30, mmoja anasema 120 na mwingine anasema zaidi ya 308. Ukifika 37 unagawanya kwa sifuri. Kijana wangu nilimpima mwenyewe akawa na kilo 66, yaani alikuwa akisukuma kama kilo 44 mara 70, na kwa hesabu ya Brzycki nguvu yake ni hasi kilo 48. Waliotunga fomula hizo hawana lawama, kwani zilikusudiwa marudio machache. Mimi binafsi siziamini kupita 10, na roho hutulia zaidi yakiwa 5 au pungufu.

Kipimo chenyewe hakina maajabu. Mchezaji anapasha mwili, mzigo unaongezwa hatua kwa hatua, anapumzika dakika 3 hadi 5 kati ya majaribio mazito, na tunatafuta uzito anaoweza kuunyanyua mara moja tu kwa mtindo sahihi. Chuma kikikwama katikati na msaidizi akakigusa hata kwa vidole viwili, jaribio limekufa, mchezaji aape asiape kwamba kilikuwa kinapanda.

Hata hivyo, namba hiyo nayo ina kasoro ambazo wenzangu hawapendi kuzitaja. Mtu asiyewahi kushika chuma huongeza kilo nyingi wiki za mwanzo kwa sababu neva zinajifunza kazi, huku misuli ikiwa haijakua kwa kiasi cha maana, ndiyo maana matokeo ya kwanza ya mgeni nayaandika kwa penseli. Kugawanya kwa uzito wa mwili nako kunawapendelea wadogo: mnyanyua vyuma Naim Süleymanoğlu, katika daraja la kilo 60, alinyanyua kilo 190 mjini Seoul mwaka 1988, zaidi ya mara tatu ya uzito wake, ilhali kilo 267 za Lasha Talakhadze, mnyanyua vyuma wa daraja la wazito, mwaka 2021 hazikufika hata mara mbili ya uzito wake. Nani ana nguvu zaidi? Inategemea unamtafutia kazi gani, na kazi ya beki wa pembeni siwezi kuapa kwamba inapimika vyema kwenye benchi.

Kocha asiye na chuma bado ana njia. Mfunge mchezaji mgongoni, juu karibu na mabega, begi lenye mfuko wa sembe au mchanga uliopimwa kwenye mizani, mtu mwingine alishike lisiteleze, na uongeze mzigo mpaka pushapu zilizo sahihi, kifua kikigusa ngumi iliyowekwa sakafuni, zisizidi 5. Kisha niandikie uzito wa mchezaji, uzito wa begi na idadi hiyo. Akipiga ya sita, begi bado ni jepesi.