Mhamiaji ni nani? Wamoroko wa Ufaransa na watoto wao

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: Wamoroko wa Ufaransa ni wangapi? Nami huuliza kwanza: unamhesabu nani?

Kwa takwimu za Ufaransa, mhamiaji ni mtu aliyezaliwa nje ya nchi akiwa raia wa kigeni. Hata akipewa uraia kesho, kwenye hesabu atabaki mhamiaji, maana mahali alipozaliwa hapabadiliki. Mwanawe aliyezaliwa Lille, kaskazini mwa Ufaransa, si mhamiaji. Ni mzao wa wahamiaji. Dini na rangi haviulizwi kwenye sensa. Mwaka 2021 wahamiaji wote walikuwa takriban milioni 7, na waliozaliwa Moroko walikuwa asilimia 12 hivi, nyuma kidogo ya Waalgeria.

Wamoroko wa kwanza, ambao leo ni wazee, hawakuja kwa kubahatisha. Walifuatwa. Mkataba wa nguvukazi kati ya Ufaransa na Moroko ulitiwa saini tarehe 1 Juni 1963, miaka 7 tu baada ya uhuru wa Moroko. Félix Mora, aliyewahi kuwa ofisa wa kikoloni huko huko, alikuwa akizunguka vijiji vya Souss, kusini mwa nchi, kutafuta wachimbaji wa makaa ya mawe kwa ajili ya migodi ya Nord-Pas-de-Calais, kaskazini mwa Ufaransa. Vijana walipanga mstari vifua wazi, wakakaguliwa mwili. Muhuri wa kijani kifuani: umechukuliwa. Mwekundu: rudi kwenu. Wanaume wapatao 78,000 walipitia mikononi mwake. Kukagua watu kama mifugo mnadani, sijui tuite nini kingine.

Mikataba yao ilikuwa mifupi, na haki alizokuwa nazo mchimbaji Mfaransa wao walizipata baada ya kugoma mwaka 1980. Mgodi wa mwisho wa eneo hilo ulifungwa Desemba 1990. Wenzao wa shirika la reli, SNCF, walisubiri zaidi: mahakama ya rufaa ya Paris ilikubali mwaka 2018 kwamba walibaguliwa, wakati huo wakiwa tayari *chibani*, yaani wazee wenye mvi.

Ufaransa ilisitisha uhamiaji wa vibarua mwaka 1974. Kumbe ndipo watu walipotulia. Aliyezoea kwenda na kurudi aliogopa kwamba akitoka hataingia tena, basi akaita mke na watoto.

Watoto waliozaliwa huko na wazazi wa kigeni hupata uraia wa Ufaransa wakifika miaka 18, mradi wawe wameishi nchini muda unaotakiwa. Wa Moroko wanaurithi kwa mzazi. Tarehe 14 Desemba 2022, timu za nchi hizo mbili zilipokutana nusu fainali ya Kombe la Dunia, kocha wa Moroko, Walid Regragui, alikuwa mzaliwa wa Corbeil-Essonnes, karibu na Paris. Nahodha wake, Romain Saïss, alizaliwa Bourg-de-Péage, kusini-mashariki mwa Ufaransa. Kwenye vitabu vya takwimu vya Ufaransa, hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuwa mhamiaji.