Kwa nini Land Rover kuukuu huchemka Timboroa kwenye baridi, ilhali Kisumu ilitulia?

Land Rover inaweza kuzunguka Kisumu wiki nzima, kwenye jua la nyuzi 30 na msongamano wa Kondele, bila geji ya joto kusogea. Ipandishe sasa kutoka Nakuru kwenda Eldoret. Inapita Salgaa, inapita Mau Summit, na karibu na Timboroa, ambako watu huvaa makoti mchana, mvuke unaanza kutoka chini ya boneti. Wenye kujua watasema injini imechoka, au rejeta inayopoza maji ya injini ni ndogo, au gari hili liliundwa kwa ajili ya nchi za baridi. Kauli hii ya mwisho ina uchekeshaji wake, maana Timboroa kwenyewe ni baridi.

Dawa utakayopewa kwanza katika gereji nyingi za jua kali ni kung'oa themostati. Hoja yake ni kwamba kifaa hicho ni cha kupasha injini joto wakati wa theluji, na kwa kuwa kwetu hakuna theluji, kazi yake imebaki kuzuia maji. Imani hii imeota mizizi kiasi kwamba ukikuta gari la miaka 25 ambalo bado lina themostati yake, mwulize mwenyewe amewakwepaje mafundi.

Themostati ni vali yenye nta ndani. Nta ikipata joto huyeyuka, hutanuka na kusukuma vali ifunguke. Katika injini ya dizeli ya 300Tdi, ile iliyoanza kufungwa kwenye Land Rover Defender mwaka 1994, huanza kufunguka kwenye nyuzi 88. Ikishafunguka kabisa haizuii maji kwa kiasi cha kuleta tofauti kubwa. Kuitoa hakuiongezei rejeta uwezo wa maana wa kupoza. Kunachofanya ni kuifanya injini ichelewe kupata joto, inywe mafuta zaidi na ilike mapema. Tena injini nyingi za Toyota, zikiwemo za Land Cruiser, zina themostati yenye kisahani cha pili, kazi yake kuziba njia ya mkato injini ikishapata joto. Ukiing'oa, njia hiyo hubaki wazi na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila hata kupitia rejeta. Hapo aliyetaka kupoza ameongeza joto.

Wanaopinga kung'oa nao wana hadithi yao: eti bila themostati maji hukimbia mno, hayapati muda wa kupoa ndani ya rejeta. Inasikika vizuri na si kweli. Maji ni yale yale yanazunguka. Yakienda kasi hukaa muda mfupi ndani ya rejeta lakini hurudi mara nyingi zaidi, na mkondo wa kasi hupokonywa joto vizuri kuliko wa polepole. Kwa hiyo upande wenye haki umekuwa ukishinda ubishi huu kwa hoja mbovu.

Tuje kwenye mlima wenyewe. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850, na stesheni ya reli ya Timboroa iko futi 9,001, yaani mita 2,743. Kadiri unavyopanda, hewa inayoyakandamiza maji hupungua, na maji huchemka mapema: karibu nyuzi 96 Kisumu, 94 Nakuru, 91 Timboroa. Mpishi wa Timboroa analijua hili hata kama hajawahi kulipima. Maharagwe yanatokota kwa fujo lakini hayaivi, kwa kuwa maji yanayotokota pale hayana moto wa yale ya Kisumu. Mwenye haraka hununua presha kuka: mfuniko unazuia mvuke, presha inapanda, na maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka.

Kofia ya rejeta ndiyo mfuniko huo. Ndani yake mna springi na mpira. Kofia ya pauni 13 kwa inchi ya mraba, ikiwa nzima, hufanya maji matupu ya Timboroa yasichemke mpaka karibu nyuzi 114. Mpira ukipasuka au springi ikilegea, unarudi kwenye 91, na injini ambayo themostati yake inaanza kufunguka kwenye 88 imebakiwa na nyuzi tatu tu za usalama. Kisumu ilikuwa nazo nane, na barabara ilikuwa tambarare. Mlimani injini inavuta kwa gia ndogo, gari linakwenda polepole, upepo mbele ni mdogo, na hewa inayosukumwa na feni ni nyepesi. Baridi ya nje inasaidia, ila haitoshi kufidia hayo yote.

(Kwenye Land Cruiser kofia hii iko juu ya rejeta. Kwenye Defender ya 300Tdi iko kwenye tangi dogo la pembeni, na kuna wanaobadilisha kila kitu isipokuwa hiyo.)

Hapa pia ndipo ulipo ubaya wa kufungua kofia ili gari "lipumue". Maji ya nyuzi 105 yaliyokuwa yametulia chini ya presha hugeuka mvuke papo hapo presha inapotoka, na mkono wako uko juu yake.

Si kila mvuke ni kosa la kofia. Rejeta iliyozibwa na tope la Nyando, feni iliyolegea na pampu ya maji iliyochoka huleta dalili hizo hizo. Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, nayo huungua, hasa injini ikishachemka mara kadhaa, kwa kuwa hedi ya 300Tdi ni ya alumini na bloku ni ya chuma, na hazitanuki sawa. Washa injini ikiwa baridi kabisa, ushike paipu ya juu ya rejeta: ikiwa ngumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata joto, kuna uwezekano mkubwa kwamba moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Hakikisha kwa kipimo kingine kabla ya kufungua hedi. Kofia mpya ni bei rahisi, anza nayo.

Ukitaka kupima themostati kwa kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni, kumbuka ulipo. Yenye alama ya 88 huanza kufunguka hapo, lakini kufunguka yote huhitaji nyuzi kumi hivi zaidi. Nakuru maji ya sufuria yanaishia 94. Fundi atayaona yakitokota, ataona vali imefunguka nusu, na atatangaza kwamba imekufa.