Ana B+ ya Jenetiki: Kwa Nini Bado Tunampima?

Muhula huu simu ya ofisi yetu imelia kuliko kawaida, na wengi wanaopiga wanauliza jambo moja: lile jaribio lisilo na alama wanalofanya wanafunzi wa shahada ya kwanza ya baiolojia, mwaka wa kwanza na wa tatu. Baba mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, kijana wangu ana B+ ya jenetiki. Mnamtahini tena kwa nini? Matokeo yake yana shida?" Wanafunzi wenyewe wameshalipa jina, wanaliita "sapu ya siri", yaani mtihani wa marudio wa kichinichini. Wapo wanaosema ni mpango wa kupunguza watu kabla ya mahafali. Nimeona niandike kwa kirefu, kwa niaba ya kitengo cha uthibiti ubora cha ndaki yetu (mkusanyiko wa idara ndani ya chuo kikuu), maana jibu la kwenye simu humfikia mtu mmoja tu.

Matokeo ya kijana hayana shida. Jaribio hili halimo kwenye zile asilimia 40 za kazi za muhula wala kwenye 60 za UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Hakuna atakayesapu, kukeri (kubeba somo hadi mwaka unaofuata) wala kudisko (kuondolewa masomoni) kwa sababu yake, na majibu yake hayapelekwi Bodi ya Mikopo. Haya yalikuwa kwenye tangazo, yakasemwa tena darasani, na bado wiki iliyopita nimeulizwa mara 4. Nayaweka hapa kwa maandishi ili yeyote mwenye shaka ayasome kwa nafasi yake.

Kinachopimwa ni programu, maana yake ni sisi tunaofundisha. Mwaka 2012 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ilitoa mfumo wa sifa za elimu ya chuo kikuu, na shahada ya kwanza imewekwa ngazi ya 8. Krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, mwaka mmoja una krediti 120, na shahada ya miaka 3 haipungui krediti 360. Hesabu hiyo kila mkuu wa idara anaijua kwa kichwa. Lakini mfumo huohuo unataka kila programu itaje mhitimu ataweza kufanya nini, na ioneshe kwamba kweli anaweza. Hapo pa kuonesha ndipo tulipokuwa tunapita harakaharaka. Mradi wa HEET, wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ulipovisukuma vyuo vya umma kupitia upya mitaala, ilitubidi tusimame na kujiuliza ushahidi wetu uko wapi. Jibu la kwanza la wengi lilikuwa: "Si tuna matokeo ya UE?"

Nitaeleza kwa nini hayatoshi, na nitaanzia kwenye kitunguu.

Zoezi la kwanza la vitendo vya seli linajulikana. Mwanafunzi anabandua ule utando mwembamba wa ndani ya gamba la kitunguu maji, anautandaza kwenye slaidi, anadondosha tone la ayodini, anafunika kwa kioo chembamba, kisha anaweka chini ya hadubini. Zinaonekana seli zimepangana kama matofali, kila moja ina kiini chenye rangi ya kahawia. Basi. Kloroplasti, zile chembe za kijani zinazotengenezea mmea chakula kwa mwanga, hazimo, kwa sababu kitunguu kinakaa ardhini na sehemu ile haifanyi usanisinuru. Mwaka jana niliketi na ripoti za zoezi hilo, na ripoti baada ya ripoti ilikuwa na kloroplasti, zimechorwa vizuri na kupakwa kijani kwa penseli. Nilimwita binti mmoja ambaye mchoro wake ulikuwa safi kuliko yote.

"Hizi za kijani uliziona?"

Akautazama mchoro wake, akanitazama. "Mwalimu, seli ya mmea si ina kloroplasti?"

"Wewe uliziona?"

"Kwenye kitabu zipo."

Alikuwa amepata 17 kati ya 20. Sikuwa na haki ya kumlaumu peke yake, kwani nilipochukua mwongozo wetu wa kusahihishia nikakuta umetenga alama kwa kutaja ukuta wa seli, kiini na kloroplasti. Tulimlipa alama kwa kuchora asichokiona. Mtaala wetu wenyewe, kwenye matokeo ya ujifunzaji ya kozi hiyo, umeandika kwamba mwanafunzi ataweza "kuchunguza na kurekodi kwa usahihi". Mwongozo ulipima kingine kabisa, na hakuna aliyegundua kwa sababu alama zilikuwa nzuri.

Kuna dhana moja iliyotuganda, wazazi, wanafunzi na hata wahadhiri wenzangu, kwamba mada ikimalizwa na mtihani ukipita, basi imejifunzwa. Naomba tuiache.

Nitaje maswali 3 ambayo yamekwisha kutolewa kwenye jaribio na hayatatumika tena. Msinitafute kwa ajili ya yaliyopo sasa.

La kwanza ni la muembe. Kokwa limepandwa, baada ya miaka mti una uzito wa tani. Ukiondoa maji yaliyomo ndani yake, sehemu kubwa ya uzito uliobaki imetoka wapi: kwenye udongo, mbolea au hewa? Wanaochagua udongo ni wengi, na miongoni mwao wamo walioandika mlinganyo wa usanisinuru kwenye UE bila kukosa hata herufi. Mlinganyo wanaujua, hewa ukaa wanaiandika upande wa kushoto kila mara, ila haijawaingia akilini kwamba mbao ile ngumu ilikuwa hewa. Mwanasayansi Jan Baptist van Helmont alilijaribu suala hili kwa mzani katika karne ya 17. Alipanda mti mchanga kwenye chungu chenye udongo mkavu wa kilo 90 hivi, akaumwagilia maji miaka 5. Mti uliongezeka takriban kilo 74, udongo ukapungua gramu zisizofika 60. Yeye alihitimisha kwamba uzito wote umetoka kwenye maji, na hapo alikosea, lakini kuhusu udongo mzani wake ulikwisha kusema, na kazi yake ilichapishwa mwaka 1648.

La pili linatuhusu sisi wasema Kiswahili zaidi ya wengine. Tunasema, hata redioni, "mbu wamezoea dawa". Lugha yenyewe inamfundisha mwanafunzi kosa, kwamba mbu mmojammoja anaizoea dawa ya kwenye chandarua kama mtu anavyozoea pilipili. Hakuna mbu aliyezoea chochote. Ndani ya kundi walikuwamo wachache waliozaliwa na jeni za kuistahimili, wenzao wakafa, hao wakabaki na kuzaa, na vizazi vikajaa wanaofanana nao. Swali linampa mwanafunzi maelezo hayo mawili achague. Anayechagua "kuzoea" anaweza kuwa ameandika insha ndefu ya uteuzi asilia na kupata A. Huyo kesho ataajiriwa halmashauri au kwenye mradi wa malaria, aambiwe aeleze kwa nini vyandarua vya sasa vimeongezwa PBO, kemikali inayozuia vimeng'enya ambavyo mbu hutumia kuivunjavunja dawa. Ushahidi wa vyandarua hivyo ulitoka hapahapa nyumbani, kwenye utafiti wa Muleba mkoani Kagera. Itakuwa aibu mhitimu wetu asiweze kuuelezea.

La tatu ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Baba na mama wote ni AS, yaani kila mmoja amebeba jeni moja ya ugonjwa bila kuumwa, na mtoto wa kwanza amezaliwa na SS, amerithi jeni zote mbili na anaumwa. Uwezekano wa wa pili kuwa SS ni kiasi gani? Ni robo, kama ulivyokuwa kwa wa kwanza, na kila mimba inaanza hesabu yake upya. Wapo wanaojibu sifuri, kwa hoja kwamba robo imeshatumika na watoto 3 wanaofuata watakuwa salama. Mraba wa Punnett, lile jedwali la kukokotoa urithi wa jeni, wanauchora vizuri sana. Hili linaniumiza kuliko yale mengine mawili, maana kijana aliyesoma baiolojia ndiye shangazi zake watakayemuuliza kabla ya kwenda hospitali, na watamwamini.

Sasa utaratibu, kwa sababu ndiko maneno mengi yanakotokea. Mwanafunzi haandiki jina wala namba ya usajili. Anaandika msimbo anaoutunga mwenyewe kwa maelekezo yaliyo juu ya karatasi, na msimbo huohuo atautumia atakapolifanya tena, ili tulinganishe karatasi mbili za mtu mmoja bila kumjua. Karatasi zinahifadhiwa kwenye kitengo, si idarani, na zinashughulikiwa kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mhadhiri anapewa takwimu za darasa zima. Hapewi karatasi ya mtu.

Kisha tunaangalia ongezeko. Aliyeanza na 40 akamaliza na 70 alikuwa na nafasi ya kupanda alama 60, amepanda 30, kwa hiyo ongezeko lake ni 0.5. Aliyeanza na 70 akamaliza na 85 naye ni 0.5. Tungetazama alama za mwisho peke yake, wa pili angeonekana ndiye aliyefundishwa vizuri, kumbe huenda alikuja nazo kutoka sekondari yenye maabara nzuri. Maswali nayo tunayapima. Tunachukua asilimia 27 ya waliofanya vizuri zaidi na asilimia 27 ya walio chini, tunaona kila kundi limelipataje swali. Kwenye darasa la watu 100, kama 20 kati ya wale 27 wa juu wamelipata na 8 kati ya 27 wa chini, tofauti ni 12, ukigawa kwa 27 unapata 0.44, na swali hilo linafaa, maana linawatenganisha wanaoelewa na wasioelewa. Tuliwahi kukuta swali la ekolojia ambalo wa juu walilikosa kuliko wa chini. Tuliposoma upya tukaona majibu mawili yote yalikuwa sahihi. Lilifutwa.

Wahadhiri wenzangu, najua hofu iliyopo. Takwimu hizi haziingii kwenye faili la mtu la kupandishwa cheo, kwa kanuni zilizopo sasa. Siwezi kusemea kanuni zijazo.

Kuhusu vitendo, mabadiliko yana meno na ninayasema waziwazi. Kila mchoro wa hadubini sasa unaambatanishwa na picha iliyopigwa kwa simu kupitia kioo cha kuangalizia, yenye namba ya slaidi na tarehe. Mwongozo wa kusahihishia umebadilishwa: anayechora kilichopo anapata alama, anayeongeza kisichokuwepo anapunguziwa. Ripoti iliyonakiliwa inapewa sifuri, na mwenye nayo anaandikiwa barua ya kujieleza ndani ya siku 7 za kazi. Maelezo yasipotosheleza, suala linakwenda kwenye kamati ya mitihani ya ndaki. Ikijirudia, linapelekwa kwenye kamati ya nidhamu, yenye uwezo wa kupendekeza kwa Seneti mwanafunzi asimamishwe masomo. Aliyempa mwenzake ripoti ainakili anahesabiwa sawa na aliyenakili. Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu kila muhula mtu hulia mbele ya kamati akisema alikuwa anamsaidia rafiki.

Na madesa yanayouzwa kwenye steshenari za nje ya geti, ripoti kamili za vitendo vya mwaka juzi zikiwa na vipimo tayari, tunayajua. Mwenye duka hatuna mamlaka naye. Mnunuzi tunayo. Vipimo vya urefu wa mche wa maharage vikifanana hadi nukta ya desimali kwenye ripoti 9, hatuhitaji mpelelezi.

Mwenye malalamiko ya alama anajaza fomu ya rufaa na kuiwasilisha kwa mkuu wa idara ndani ya muda uliotajwa kwenye kanuni za mitihani, kuanzia siku matokeo ya muda yanapobandikwa. Fomu ikichelewa haipokelewi, hata kama sababu ni nzito, isipokuwa kwa cheti cha daktari. Wazazi, nawaomba msiwapigie wahadhiri simu kuuliza alama. Mwanafunzi ni mtu mzima, na bila idhini yake ya maandishi hatutoi matokeo yake kwa yeyote, hata anayemlipia ada. Najua linauma. Mama mmoja aliniambia nimemdharau. Sikumdharau, na ningemjibu hivyohivyo leo.

Jaribio la kumalizia litafanyika wiki ya mwisho ya mihadhara, ndani ya kipindi cha kawaida cha vitendo, kwa dakika 45. Asiyefika haadhibiwi. Anayefika aje na kalamu na msimbo wake ule wa mwanzo. Aliyeusahau asitunge mwingine, aje ofisini kwetu kabla ya siku hiyo tumwoneshe jinsi ya kuupata tena kutoka kwenye maelekezo.