Mthamini wa FHA si mkaguzi wako: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

"Mthamini ameshapita, nyumba haina kasoro." Ndugu zetu wengi wanaonunua nyumba ya kwanza hapa Marekani husema hivyo, kisha huacha kumlipa mkaguzi wa kuwachunguzia nyumba ili waokoe dola mia kadhaa. Hii ndiyo dhana inayoniumiza kuliko zote.

FHA, shirika la serikali ya Marekani la bima ya mikopo ya nyumba, haikopeshi mtu. Tangu 1934 inamwekea bima mkopeshaji, ndiyo maana benki inakubali kianzio cha asilimia 3.5 ya bei ya nyumba. Kabla ya bima hiyo, mthamini anakuja kuangalia thamani ya nyumba na masharti ya chini ya usalama na uimara. Halazimiki kupanda juu ya paa. Darini na chini ya sakafu anatakiwa kuingiza angalau kichwa na mabega. Anaulinda mkopo, wewe, mnunuzi, hujalindwa bado. HUD, wizara inayosimamia FHA, inamtaka mkopeshaji akupe karatasi inayokuhimiza utafute mkaguzi wako mwenyewe. Watu huiweka kando bila kuisoma.

Wapo pia wanaodhani nyumba iliyochakaa haipiti. Zulia kuukuu, makabati ya jikoni yaliyopauka, mlango wenye mikwaruzo: hayo hayaangushi mkopo. Mwishoni mwa 2005 HUD ililegeza masharti kwa kasoro ndogo kama kioo chenye ufa au bomba linalodondosha kidogo. Kinachozuia mkopo ni hatari.

Chukua rangi. Mtu anaona rangi imebanduka kidogo kwenye kizingiti cha dirisha, anasema ni urembo tu. Kama nyumba ilijengwa kabla ya 1978, FHA inaichukulia rangi hiyo kuwa huenda ina madini ya risasi, na popote inapobanduka, ndani, nje, hata kwenye uzio au gereji, lazima ishughulikiwe mkopo usije ukakwama. Mtoto anayetambaa huokota vumbi lile kwa viganja na kulipeleka mdomoni, na risasi huharibu ubongo unaokua. Kwa hiyo sharti hili silioni kuwa usumbufu hata kidogo. Wala kupaka rangi mpya juu ya magamba si dawa. Magamba yanakwanguliwa kwanza yakiwa yamelowanishwa, yanakusanywa yote, ndipo panapakwa. Kusugua kwa msasa mkavu kunasambaza sumu nyumba nzima. Fundi wa kulipwa awe na cheti cha kazi hiyo, na watoto na wajawazito wasiwepo.

Kuna hili pia, hasa kwetu tuliokulia Dar es Salaam au Mombasa: nondo za madirisha. Kwetu dirisha bila nondo ni kumkaribisha mwizi. Lakini nondo za chumba cha kulala zisizofunguka kwa ndani humfungia mtu motoni, na FHA inataka aliyelala humo aweze kutoka nje moto ukizuka. Si lazima uzing'oe zote. Zinazofunguka upesi kutoka ndani bila ufunguo zinaweza kukubalika.

"Paa halivuji, basi ni salama." Hapana. Mthamini anatakiwa kuona kwamba paa lina angalau miaka 2 ya kuishi. Likiwa limechoka, litadaiwa kurekebishwa hata kama dari ni kavu.

Nyumba tupu ina mtego wake. Mwenye nyumba amehama, amekata maji, umeme na gesi, na mnunuzi anadhani hilo halimhusu. Mthamini anatakiwa afungue mabomba, avute choo, awashe mfumo wa kupasha joto. Akikuta vimekatwa, ripoti inabaki na sharti, naye atarudi kwa ada ambayo mara nyingi inakuangukia wewe. Mwulize wakala wa muuzaji mapema.

Kuhusu mchwa, FHA inadai ukaguzi pale panapoonekana dalili au sheria na desturi ya eneo inapotaka. Mkopo wa VA wa wanajeshi na waliostaafu jeshini unaudai katika majimbo mengi hata bila dalili.

Nani analipia matengenezo? Wengi huamini ni muuzaji kwa amri ya serikali. FHA haisemi hivyo; ni mapatano. Arbuni nayo ina mpaka wake: kipengele cha lazima cha FHA kinakurudishia ikiwa thamani iliyokadiriwa iko chini ya bei. Hakisemi kitu kuhusu paa bovu au bomba lililopasuka, kwa hiyo hakikisha mkataba una kipengele cha ukaguzi kabla hujatia saini.

Usifikiri pia kwamba ukihamia benki nyingine inayotoa mkopo wenye bima ya FHA utaanza upya. Tathmini inaifuata nyumba kwa namba yake ya kesi, yaani namba ya faili inayotolewa na FHA, na kwa kawaida inadumu siku 180. Kasoro zilizoandikwa zitakusubiri huko huko.

Na nyumba iliyokataliwa haijafa. Upo mkopo wa FHA uitwao 203(k), unaojumlisha bei na gharama za matengenezo katika deni moja. Ule mdogo unafikia dola 75,000 za ukarabati usiogusa mihimili ya nyumba. Ule mkubwa unaanzia dola 5,000 na unagusa hata mihimili na msingi. Si kila benki inautoa, kwa hiyo uulizie siku ya kwanza unapoomba mkopo, kabla mthamini hajafika.