Je, wajua kwa nini ukivua raba mguu hukanyaga kwa namna nyingine?

Vua viatu, tafuta sakafu ngumu, kimbia hatua kumi ukitua kwa kisigino makusudi. Utasikia kishindo kikipanda mpaka kichwani. Sasa rudia, ila kimbia haraka kidogo bila kujilazimisha. Wengi hujikuta wametanguliza sehemu ya mbele ya wayo, pale nyuma ya vidole, na kisigino kinashuka baadaye. Hakuna aliyewafundisha. Wakivaa raba nene, kisigino kinatangulia tena.

Siri iko kwenye kifundo. Ukitua kwa kisigino, wayo na muundi husimama ghafla kwa pamoja, kama mchi uliodondoshwa wima. Kwa asiyevaa viatu, ndani ya milisekunde 50 za mwanzo mguu hupokea pigo la mara 1.5 hadi 3 ya uzito wa mwili. Ukitua kwa mbele, kinachosimama ghafla ni kipande kidogo tu cha mguu. Kisigino bado kinashuka, kifundo kinakunjika, kigimbi kinavutika na kuizuia kasi kidogo kidogo. Uzito wa mwili utabebwa vilevile, lakini hauji kwa mkupuo mmoja.

Raba za soli nene, zilizoenea kuanzia miaka ya 1970, hulainisha mkupuo huo. Kisigino chake pia kimeinuliwa, kwa hiyo ni rahisi kigonge chini kwanza, na mkimbiaji hapati maumivu ya kumwonya.

Mwaka 2010, Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wakimbiaji wa Marekani na wa Bonde la Ufa, Kenya. Waliozoea kukimbia pekupeku mara nyingi walitua kwa mbele. Waliozoea viatu, kwa kisigino. Watu wengi wakahitimisha kwamba kutua kwa mbele ndiyo asili ya binadamu. Mimi sikubali haraka hivyo, kwa sababu ya Wadaasanachi wa kaskazini mwa Kenya, karibu na Ziwa Turkana. Watafiti waliwapima watu wazima 38 waliozoea kutembea pekupeku, wakachapisha matokeo mwaka 2013: kwa mwendo wao wa kawaida wa kukimbia, asilimia 72 ya hatua zilitua kwa kisigino! Kasi ilipoongezeka ndipo kutua kwa katikati na mbele kulipoongezeka. Kwa hiyo kuvua viatu peke yake hakuamui kila kitu.

Linalosahaulika zaidi ni hili: mzigo hauondoki, unahama. Anayetua kwa kisigino hulifanyisha goti kazi kubwa zaidi. Anayetua kwa mbele hukitwisha mzigo kigimbi na ile kano nene ya nyuma ya kifundo, ambayo huvutika kama mpira wa manati kisha hurudisha sehemu ya nguvu mguu unapoinuka. Upinde wa wayo nao hufanya hivyohivyo. Ni mtambo mzuri ajabu, lakini mguu uliolelewa ndani ya viatu haujazoea kazi hiyo. Ndiyo maana wanaotupa raba siku moja na kukimbia kilomita tano huishia na vigimbi vilivyokaza, kano inayouma, hata nyufa kwenye mifupa mirefu ya wayo.

Abebe Bikila wa Ethiopia hutajwa sana katika mjadala huu, kwa kuwa alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 pekupeku, kwa saa 2:15:16. Anayemtaja akumbuke pia Tokyo, 1964: Bikila alishinda tena, akiwa amevaa viatu, kwa muda mfupi zaidi.

Ukitaka kujaribu, anza kwa kutembea pekupeku nyumbani kwa wiki kadhaa. Kisha kimbia dakika moja au mbili uwanjani, hatua fupi za haraka, mwishoni mwa mazoezi yako ya kawaida. Kigimbi kikiuma kesho yake, pumzika mpaka kitulie ndipo uongeze dakika.